Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kigoma: pombe niliiacha, akili ikachelewa kurudi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, waheshimiwa wabunge na madiwani wetu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, kazi yangu iko mwaloni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwa kiongozi yeyote. Nimeiandika kwa wiki tatu, kipande kwa kipande, kwenye daftari ambalo nitalieleza huko mbele. Mkiona nimerudia jambo, nivumilieni.

Nilikunywa kwa miaka 16. Nilianza na bia za jioni kama vijana wenzangu, nikaishia kwenye gongo ya saa kumi na mbili asubuhi, ile ya kuzimua, maana bila hiyo mikono haikushika spana. Leo umepita zaidi ya mwaka sijagusa. Watu wananipongeza, nami nawashukuru. Ila hakuna aliyewahi kuniambia, nyumbani, msikitini wala zahanati, kwamba nikishaacha nitaumwa ugonjwa mwingine, wa kichwani, na kwamba ugonjwa huo una dawa, una muda wake, na unahitaji mtu wa kukushika mkono. Kwa hilo ndiyo nimeshika kalamu.

Niwaelezeni kwanza kalenda yetu, kwa sababu ninyi mnahesabu kwa mwisho wa mwezi na sisi tunahesabu kwa mwezi wenyewe. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, mitumbwi inapandishwa mchangani siku kama kumi hivi, na hela ya giza lililopita iko mfukoni. Hapo ndipo watu wanakunywa mchana na usiku. Giza likirudi wanaingia ziwani, na wengine pombe inawakatikia huko huko majini, wanatetemeka na kamba mkononi. Mwezi unaofuata ni vile vile, mwaka mzima.

Muuguzi aliyekuja kunisaidia alinieleza kwa nini mtindo huo ni mbaya kuliko tunavyodhani. Pombe inaupoza ubongo, na ubongo ukipozwa kila siku unajifunza kujikaza ili mtu aendelee kutembea na kuongea. Siku pombe inapoondoka ghafla, ule mkazo unabaki peke yake. Nilimwelewa haraka, kwa sababu nimeona mashine ya boti ambayo panga boi limetoka nje ya maji wakati moto umekazwa mpaka mwisho. Inalia kama inataka kupasuka. Akaniambia tena kwamba kila mara mtu anapokatika pombe hivyo kisha akairudia, kukatika kunakofuata huwa kukali zaidi. Nilihesabu mbalamwezi zangu za miaka 16, nikanyamaza.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimamishwa, hadi tarehe 15 Agosti, sisi pamoja na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Sina ugomvi na uamuzi ule. Samaki walikuwa wamepungua na kila mtu mwaloni alijua. Tulielezwa habari za mazalia, za nyavu, za muda. Ila sikusikia mkutano hata mmoja uliosema: ninyi mnaokunywa kila siku, hela ikikata na pombe itakata, na mwili wenu haujazoea. Mimi sikuacha pombe kwa nguvu ya moyo. Mfuko ndio ulioacha, na mama muuzaji akagoma kunikopesha. Ilikuwa kama siku ya kumi tangu ziwa lifungwe.

Usiku wa kwanza nilitetemeka, jasho likalowesha godoro. Vijana wa unga wana neno lao la mateso ya kukatikiwa, arosto, na mimi nilikuwa nawacheka. Usiku wa pili nilisikia mashine zikiunguruma ziwani, mashine nyingi, na ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna mtumbwi uliotoka. Usiku wa tatu niliona dagaa wakitambaa ukutani, wanametameta, wanapanda mpaka kwenye bati. Nilichukua ufagio nikaanza kuwafagia. Mama watoto akaamka akanikuta nafagia ukuta mtupu, nalia. Akamwita kaka yangu, na kaka yangu akasema nimerogwa.

Baadaye nimejua kwamba hali hii huja kati ya siku ya pili na ya nne baada ya tone la mwisho, kwamba kabla yake mtu anaweza kuanguka degedege, na kwamba bila matibabu watu hufa nayo. Dawa ya kuituliza ni ya kawaida, diazepamu, ambayo wahudumu wetu wanaijua vizuri kwa sababu ndiyo wanayowapa watoto wenye degedege. Iko kabatini. Inayokosekana ni mtu wa kuuliza, "Alikunywa lini mara ya mwisho?"

Kwenye kituo nilichopelekwa, ambacho sitakitaja kwa sababu sitaki mtu mmoja abebe lawama ya wengi, niliandikiwa malaria. Nilitundikiwa dripu ya maji ya sukari nikarudishwa nyumbani. Baada ya siku mbili nikaanza kuona vitu viwiliviwili: taa mbili, watoto wanane badala ya wanne. Miguu ikawa inakwenda upande, nikashika ukuta mpaka chooni. Niliporudishwa pale, mlinzi alinitazama ninavyoyumba akamwambia mke wangu kwa upole kabisa, "Mama, mrudishe kwanza apunguze pombe, kesho aje." Nilikuwa na siku sita sijanywa hata kijiko.

Hapo ndipo naomba mtulie na mimi kidogo. Mtu anayumba, macho hayatulii, maneno yamechanganyika: kila anayemwona anasema amelewa. Nani atamwona mgonjwa?

Aliyeniona mgonjwa ni muuguzi mwanamke katika kituo kingine, mtu mzima, aliyenisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kama ananijua. Aliuliza maswali mawili tu, la kwanza lile la pombe ya mwisho, la pili nilikuwa nakula nini. Mke wangu akajibu kwa aibu kwamba sikuwa nakula, na nikila ni ugali wa muhogo matonge mawili nimeshiba. Muuguzi akaagiza sindano za vitamini B1, ambayo kwa jina jingine ni thiamini. Nilichomwa siku kadhaa mfululizo. Siku ya pili macho yakaanza kukaa sawa, taa ikawa moja. Miguu ilichukua wiki. Kumbukumbu ilichukua muda mrefu sana, na sehemu yake nyingine bado naisubiri.

Nimesoma habari ya ugonjwa huu kwa simu usiku ambao usingizi umegoma. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliueleza mwaka 1881: macho, miguu na kuchanganyikiwa. Mrusi Sergei Korsakoff akaeleza mwaka 1887 kile kinachobaki baadaye, yaani kumbukumbu iliyotoboka. Ni zaidi ya miaka 130 sasa. Mwili wetu hauwezi kuhifadhi vitamini hii zaidi ya wiki chache. Pombe inazuia tumbo kuichukua, na mlevi wa kweli hali, na unga wa muhogo tunaoutegemea huku una B1 kidogo mno. Maharage yanayo, na mkoa huu unalima maharage mpaka malori yanakuja kuyafuata. Kitu kingine nilichojifunza kinaniuma kila nikikikumbuka: ubongo unapochoma sukari unatumia B1, hivyo mtu aliyeishiwa nayo ukimpa dripu ya glukosi bila kumpa na vitamini yenyewe, unaweza kummalizia akiba ndogo iliyobaki. Sisemi ndilo lililonipata, siwezi kulithibitisha. Nasema lisimpate mwingine.

Sasa nieleze miezi iliyofuata, maana watu wanadhani habari inaishia kwenye sindano.

Mwezi wa kwanza nilimweleza jirani yangu kwamba juzi nilikuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, nikataja mwenye boti, nikataja tulivyokula na bei tuliyopatana. Mke wangu alisimama mlangoni akinisikiliza. Sikuwa nimetoka nyumbani wiki nne. Sikuwa naongopa, naapa. Kichwa kilikuta tundu kikalijaza chenyewe, na mimi niliyaona yale mambo kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini mtaani ilishasambaa kwamba pombe imeniachia uongo.

Ziwa lilipofunguliwa mitumbwi ikarudi majini na mimi nikarudi kwenye mashine. Mwezi wa Septemba mzee mmoja mwenye mitumbwi mitatu aliniletea mashine inayokohoa. Kazi ndogo: kufungua kabureta, kusafisha jeti, kufunga. Zamani nilikuwa naifanya gizani kwa kupapasa. Nilifungua, nikapanga vyuma juu ya gunia. Kila kimoja nilikijua jina: hii sindano, hii floti, hii gasketi, hii springi. Nikawa navitazama. Sikujua kinaanza kipi. Nilikaa pale kutoka saa nne mpaka adhana ya adhuhuri, mikono ina petroli, na vijana wamenizunguka wakidhani natafakari. Mzee yule hakunifokea. Alikusanya vyuma vyake kwenye ndoo akaondoka. Ningefurahi angenifokea.

Usiku ule nilitembea mpaka karibu na Katonga kutafuta gongo. Sikuwa na kiu ya pombe, nilitaka tu kichwa kinyamaze. Nilikuta mlango umefungwa, nikarudi. Sina ushujaa wa kuwasimulia hapo, ni mlango ulifungwa.

Muuguzi aliniambia jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokoa usiku ule. Usingizi wa vipande, hasira za ghafla, machozi yasiyo na msiba, woga, mawenge, kusahau ulichotumwa dukani: hayo hayamaanishi kwamba kuacha pombe kumeshindikana. Ni ubongo unajijenga. Huzuni ya wengi hupungua ndani ya wiki chache za kwanza, na isipopungua inatibiwa kama ugonjwa unaojitegemea. Kumbukumbu na umakini huendelea kurudi kwa miezi, mwaka, hata zaidi ya mwaka, mradi mtu hajarudia kunywa, anakula, na analala. Wapo wanaorudi kabisa, wapo wanaorudi nusu, na wapo walioumia kiasi kwamba watahitaji kushikwa mkono maisha yao yote. Alipomaliza kunieleza nililia, na yale yalikuwa machozi ya afueni. Nilikuwa nimeshajihesabu kichaa.

Ndiye aliyenipa wazo la daftari. Naandika kila kazi: tarehe, mwenye mashine, nilichofungua kwanza, nilichofungua pili. Nikapata kipande cha mbao nyembamba, nikachora kwa msumari umbo la kila chuma cha kabureta kuanzia kushoto kwenda kulia, na namba. Ninapofungua naweka chuma juu ya umbo lake. Ninapofunga narudi kutoka kulia kwenda kushoto. Miezi ya mwanzo niliitazama mbao kila mara. Sasa inapita wiki sijaitazama, ingawa naibeba. Yule mzee wa mitumbwi mitatu amerudi kwangu.

Mimi nilipata muuguzi. Mwenzangu tuliyekunywa naye, mtu wa mwaloni, alikuwa ameacha kabla yangu. Alikaa miezi mitatu. Alikuwa akisema kichwa kimejaa pamba, halali, anagombana na kila mtu, na sisi tukawa tunamjibu, "Si umeshaacha? Sasa unataka nini?" Mimi mwenyewe nilimjibu hivyo. Alirudi kwenye gongo, na alirudi kwa nguvu. Tulimzika Ujiji. Sijui kama ameandikwa mahali popote kwenye vitabu vyenu kama mgonjwa aliyekuwa anapona.

Waheshimiwa, mmefanya kazi upande wa kuzuia, na nimeona. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nakumbuka vile vifuko vilivyokuwa vimejaa mchangani Kibirizi kama magamba. Gongo inakamatwa, mitambo inamwagwa. Lakini kumwaga mtambo kunakatisha pombe ya watu 20 au 30 kwa asubuhi moja, na hakuna anayekwenda kuuliza hao watu wamelalaje siku ya tatu. Na anayekamatwa amelewa akawekwa mahabusu, siku ya pili na ya tatu akianza kutetemeka na kuona visivyokuwepo, askari anaweza kudhani anaigiza. Wafundisheni askari na mgambo dalili hizo. Ni somo la saa moja.

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa ombi langu ni dogo kwa fedha: B1 isikosekane, vidonge na sindano, katika zahanati za mwambao. Msinijibu kwamba Hospitali ya Mkoa ya Maweni ipo. Mtu wa Kalya au Buhingu anakuja kwa boti, na kwa ugonjwa huu masaa yanahesabika. Iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa kwamba mnywaji yeyote anayeletwa akiwa amechanganyikiwa au anayumba apewe B1 anapotundikiwa dripu, na aulizwe lile swali la tone la mwisho. Wala asirudishwe getini kwa sababu ya harufu au mwendo.

Ombi kubwa ni la mwaka mmoja. Mwenye kifua kikuu akianza dawa anafuatwa, anahesabiwa vidonge, akikosa anatafutwa nyumbani. Mimi nilipotoka kuchomwa sindano hakuna aliyenitafuta, isipokuwa yule mama kwa hiari yake. Mnao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wapeni orodha ya watu kama sisi, kwa siri na kwa ridhaa yetu, wapite mara moja kwa wiki miezi mitatu ya kwanza, kisha mara moja kwa mwezi: analala? anakula maharage? amekasirika bila sababu? anasema maneno ya kutaka kufa? Wazungumze na mke pia, maana mke wangu aliishi mwaka mzima na mume asiyejua leo ni Jumanne, na hakuna aliyemweleza kwamba atarudi. Soba hausi, zile nyumba za kuwasaidia wanaoacha ulevi, nasikia ziko Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, na Hospitali ya Mirembe ya wagonjwa wa akili iko Dodoma, usiku na mchana kwa treni. Hatuwezi kwenda wote huko. Tupeni chumba kimoja, benchi mbili, siku moja ya wiki, hapa mwambao, tukae waliotangulia na wanaoanza. Mimi niko tayari kuja na mbao yangu.

Na kila mnapopanga kulifunga ziwa, mwiteni na mtu wa afya ya akili kwenye kikao cha kwanza, akae karibu na bwana samaki na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo. Tangazo litoke mwezi mzima kabla: anayekunywa kila siku asikate kwa siku moja, aende kituoni apunguziwe kwa dawa. Mtaokoa watu bila kujenga jengo.

Viongozi wangu, mkitaka kuyaona haya kwa macho msije mwaloni siku za katikati ya giza. Siku hizo kila mtu yuko kazini na mtatuona tuko sawa. Njooni siku ya tatu ya giza jipya, alfajiri, mitumbwi inaporudi. Tazameni mikono ya wanaoshusha dagaa. Kisha mwulizeni yeyote kati yao alikunywa lini mara ya mwisho, muone kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Wenu katika kulijenga taifa,

Fundi wa mashine za mitumbwi,
Mwalo wa Kibirizi, Kigoma